Nishinde, Usinipishe

Nati alisimama katikati ya karakana, mkoba ukiwa bado begani, akaitazama meza ya Bolti asiamini macho yake.

Meza ilikuwa tupu. Na haukuwa utupu wa mtu aliyetoka mara moja kwenda kunywa chai. Ilikuwa imefagiliwa, ikapanguswa kwa kitambaa cha maji, na makopo ya gundi yamepangwa ukutani kama vitu vya mtu aliyehama. Daraja lake la vijiti, lililokuwa likikua pale mezani tangu muhula uanze, halikuwapo. Chini ya meza palikuwa na boksi la viatu, na ndani yake vijiti vimelala kimoja kimoja, vimebanduliwa kwa uangalifu.

"Amelibomoa mwenyewe," akasema mwanafunzi mwenzao waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuna habari iliyompita. "Jana jioni, kwa mikono yake. Nilipomuuliza akaniambia ana kazi ya kupanga viti."

"Viti gani?"

"Vya Wiki ya Fursa. Nenda ukumbini, utamkuta juu ya ngazi."

Nati hakungoja maelezo zaidi.

Jina la Nati alipewa mwaka wa kwanza wa uhandisi, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na akishakamata kitu haachii. Bolti alikuwa mrefu, mwembamba, mpole wa maneno, na alipoanza kuonekana kila mahali Nati alipo, darasa halikuhitaji kikao ili kumpa lake. Sasa walikuwa mwaka wa tatu. Wahadhiri wenyewe walikuwa wamesahau majina yao ya kwenye vitambulisho.

Chuo kizima kilikuwa kimechangamka. Kutoka ukumbini kipaza sauti kilikuwa kikimwaga matangazo bila kupumua: Alhamisi mdahalo na chuo cha sheria, wenye ndimi kali wajitokeze, Ijumaa mafunzo ya huduma ya kwanza, cheti unaondoka nacho, wanaotaka kwenda likizo kufunga pampu za maji wamwone mlezi wa wanafunzi, kwaya inatafuta sauti nzito, zile nyembamba zimetosha. Na Jumamosi, msikose, mashindano ya madaraja! Atakayeshinda atakwenda ng'ambo mwaka mzima, kwenye karakana kubwa ya kubuni madaraja. Nafasi ni moja kwa chuo kila mwaka, na mwaka huu mhandisi wa huko mwenyewe anakuja kuamua.

Hiyo nafasi moja ndiyo iliyokuwa ikimnyima Nati usingizi.

Alimkuta Bolti juu ya ngazi kweli, akifunga kitambaa cha matangazo juu ya jukwaa, pini mbili mdomoni.

"Nati!" akasema kwa taabu. "Nishikie ngazi kidogo, hiki kitambaa kimekwenda upande."

"Shuka."

"Namalizia tu hapa."

"Nimesema shuka, kabla sijaitikisa."

Bolti akashuka, akatema pini kiganjani. Nati aliyapenda macho yale. Yalikuwa macho yasiyojua kudanganya, na usiku mwingine alipofumba yake ndiyo aliyoyaona. Leo yalikuwa yakitazama viatu vyake.

"Daraja lako liko wapi?"

"Lipo kwenye boksi."

"Boksi nimeliona. Nauliza daraja."

"Nimejitoa, Nati."

Wanafunzi waliokuwa wakipanga viti wakaanza kuvipanga polepole, masikio yamewasimama.

"Kwa nini?"

"Nimeamua tu. Nimechoka. Gundi inaniumiza kichwa."

"Gundi! Mwaka wa tatu huu unakula na gundi, unalala na gundi, leo ndiyo imekuumiza kichwa?"

Bolti akajaribu kutabasamu, tabasamu likafia njiani. "Kwani hufurahi? Wengine wote unajua utawashinda. Njia nyeupe sasa. Nafasi ni yako."

Nati akauteremsha mkoba begani, akauweka chini.

"Rudia."

"Nati..."

"Rudia ulichosema. Nafasi ni yangu. Nani kanipa?"

Bolti akazigeuzageuza pini kiganjani.

"Umenipisha," Nati akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, na waliomfahamu walijua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. "Umenipisha kama mtu anavyompisha mgonjwa kwenye foleni."

"Sikukusudia hivyo. Naapa."

"Unajua mimi naamka alfajiri nikiwaza nini? Nikiwaza nitakushindaje. Wewe, si hao wengine. Siku ukibadilisha kiungo kimoja mimi silali. Unajua kwa nini nilikupenda? Mwaka wa kwanza, siku daraja lako lilipolishinda langu, hukuniomba samahani. Hukuniambia nimejitahidi. Uliniambia, kiungo chako cha kushoto ndicho kilichokuangusha, ukachukua mkoba ukaenda zako. Nikasema moyoni, kumbe yupo mtu anayeniona."

"Na mimi siku hiyo nilikwenda nyuma ya jengo," Bolti akasema taratibu, "nikakaa chini najilaumu. Msichana mzuri vile, na neno la kwanza kumwambia ni kiungo cha kushoto."

Siku nyingine wangecheka. Nati alimkazia macho.

"Nani kakuambia ujitoe?"

"Hakuna."

"Bolti. Hujui kudanganya, usijifunzie kwangu."

Bolti akakunja ncha iliyoning'inia ya kile kitambaa cha matangazo, akaikunjua, akaikunja tena. Mwisho akasema, "Ni mtu anayekupenda zaidi ya ninavyokupenda mimi. Nilikosa cha kumjibu."

Nati alivuta pumzi. Mtu wa namna hiyo duniani alikuwa mmoja tu, na asubuhi ile ile alikuwa amemfungia vifungo vya nyuma ya gauni na kumwambia asichelewe chuoni.

"Mama," akasema.

Bolti aliinama kuokota pini ambayo haikuwa imeanguka.

*

Mama yake Nati alikuwa mwalimu wa chekechea, na kazi ile ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Alizungumza na kila mtu, awe askari au meneja wa benki, kana kwamba mtu huyo amechafua mikono na anahitaji kunawishwa. Jioni ile alikuwa mezani sebuleni, anakata samaki wa karatasi za rangi kwa ajili ya somo la kesho. Mjomba, kaka yake, kinyozi mwenye duka la kunyolea mtaa wa pili, alikuwa kwenye kochi amevua viatu, anasoma gazeti.

Nati hakuketi.

"Mama, ulikwenda chuoni?"

Mkasi ukasimama, ukaendelea. "Nilipita mara moja."

"Chuo hakiko njiani, mama. Kutoka kazini kwako mpaka hapa hupiti chuo."

Mjomba akakunja gazeti. "Nimekumbuka nimemwacha mteja na upande mmoja wa ndevu."

"Kaa!" mama na mwana wakamwambia pamoja. Akakaa.

"Ulimwambia nini Bolti?"

Mama akaweka mkasi chini. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye uso wa furaha, na furaha ilipomtoka usoni alionekana mtu mwingine.

"Siku ile ya majaribio ya madaraja nilikuja," akasema. "Hukuniona. Nilikaa nyuma kabisa. Niliona lako likikatika, na lake likabaki limening'inia na mizigo yake, halina habari. Halafu nikauona uso wako. Wewe hukuuona, mimi nimeuona. Ndio ule ule wa utotoni ukianguka na kujikaza usilie. Nikasema, mtu mzima kama mimi sikai kwenye kiti nikimtazama mwanangu anaangushwa mbele ya watu."

"Kwa hiyo ukamwendea."

"Nikamwendea. Nikamwambia, baba, kama kweli unampenda, mpishe. Wewe ni mwanamume, milango itafunguka mingine. Huyu akiikosa hii watasema, tulijua tu, uhandisi na wasichana wapi na wapi. Nililia, sikufichi. Na yeye hakubisha hata neno. Aliinamisha kichwa akasema, nimekuelewa, mama."

Nati akashika mgongo wa kiti.

"Na lipo lingine," mama akaendelea, sasa kwa sauti ya mtu anayejitetea. "Nilitaka kumpima. Nimekuwa nikikuambia siku zote, huyo kijana mnashindana mno. Mume anayeshindana na mkewe, nyumba haitulii. Akishinda atakudharau, akishindwa atakuchukia. Nikataka nione kama anaweza kukushushia silaha. Akashusha. Wacha nikwambie ukweli, mwanangu, siku hiyo ndiyo nilimkubali."

"Na siku hiyo ndiyo ulinikataa mimi."

"Wewe? Mimi nikukatae wewe?"

"Ulimwambia kwamba siwezi, mama. Hata kama hukutumia neno hilo. Bolti aliyekuwa hanihurumii hata siku moja, ukamfundisha kunihurumia." Machozi yalikuwa yamefika, akayaacha yatiririke. "Nikienda huko ng'ambo, kila asubuhi nikifungua mlango wa karakana nitajua nimeingizwa na machozi ya mama yangu. Siku watu watakaponiita injinia, nitageuka nyuma kuangalia wanamwita nani."

Mjomba aliyatazama matangazo ya gazeti kama mtu anayetafuta nafasi ya kazi.

"Nikuulize, mama," Nati akasema, amepoa kidogo. "Watoto wako wa chekechea wakishindana mbio, huwa unamwambia mmoja apunguze mwendo ili mwingine afike mbele?"

"Hapana," mama akajibu upesi, kama anavyojibu mambo ya kazi. "Nilijaribu zamani, nilipoanza kufundisha. Usifanye. Mtoto anajua."

"Anajua?"

"Daima. Hata awe wa miaka mitatu. Unampa zawadi, anaiangalia, anakuangalia wewe, halafu anaiweka chini..."

Akaishia hapo. Aliutazama uso wa bintiye, kisha akautazama mkasi wake, na rangi ikamtoka.

"Dada," mjomba akasema pole pole kutoka kwenye kochi, "mimi nina wembe miaka yote hii, lakini hapo umenyolewa bila maji."

"Nyamaza wewe." Lakini hakuwa na hasira. Alichukua samaki mmoja wa karatasi, akamgeuzageuza, akamweka juu ya wenzake.

"Kesho nitapita chuoni."

"Chuo hakiko njiani, mama."

"Kesho kitakuwa njiani."

*

Alifika saa ya mapumziko akiwa na aproni yake ya kazini, ile yenye mifuko ya rangi kila namna na madoa ya rangi ya maji. Wanafunzi wa uhandisi wakampisha mlangoni. Mhadhiri wao, mwanamke mwembamba aliyeitwa Mwalimu Vipimo kwa sababu hakuwa na imani na jambo lolote lisilopimwa, akainua miwani kumtazama.

"Shikamoo, mwalimu," mama akamwambia, ingawa walilingana umri. "Mimi ni mama yake Nati. Nimekuja kurekebisha kitu nilichoharibu."

Bolti alikuwa ameitwa kutoka ukumbini. Akasimama kando ya meza yake tupu, mikono nyuma.

"Njoo, baba," mama akasema. "Nisikilize vizuri. Nilikuomba kitu ambacho hakikuwa changu kuomba wala chako kutoa. Nimekosea. Rudi kwenye mashindano."

"Mama, wewe hukukosea kitu. Ulimpenda tu mwanao."

"Usinipambe. Nimekosea, na mwenye haki ya kukasirika yupo pale, ananitazama kama deni." Akamkaribia, akashusha sauti, lakini karakana nzima ilikuwa kimya na kila mtu akasikia. "Rudi, ushindane kwa nguvu zako zote. Na nikisikia umelegeza hata kijiti kimoja kwa makusudi, mimi na wewe hatutajuana."

Bolti akamtazama Nati. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana macho yao kukutana. Nati akajikaza, akakunja uso.

"Nati, wewe unasemaje?" Bolti akauliza.

"Mimi nakusubiri mezani. Usipokuja, na langu nalibomoa leo hii, nafasi ichukuliwe na Redio."

"Aah, mimi niko tayari," Redio akasema, wakamcheka.

Mwalimu Vipimo akavua miwani. "Kwangu mwanafunzi hajajitoa mpaka siku ya kupima mizigo aonekane hana daraja. Lakini sitamwongezea muda. Leo Jumatano. Jumamosi mchana mgeni yupo hapa. Ukilisimamisha, utashindana. Usipolisimamisha, utapanga viti."

Bolti aliinama, akavuta lile boksi la viatu kutoka chini ya meza, akavimwaga vijiti vyote juu kwa kishindo. Darasa likalipuka kwa shangwe.

Siku zile mbili, Nati na Bolti walifanya kazi migongo ikitazamana. Nati mwenyewe ndiye aliyeigeuza meza yake, asije akajikuta anachungulia. Lakini mgongo una masikio yake. Alisikia tupa ya Bolti ikila mbao taratibu, alisikia anavyoguna kiungo kikimkataa, alinusa ile sabuni yake ya bei rahisi ikichanganyika na gundi, na zaidi ya mara moja alijikuta ameshika kijiti hewani, hakumbuki alitaka kukiweka wapi.

"Nati," Bolti akaita Ijumaa mchana, bila kugeuka.

"Sikusaidii."

"Sijaomba msaada. Nauliza tu. Nikishinda je?"

"Nitakasirika."

"Nikishindwa?"

"Utakasirika wewe. Fanya kazi."

Halafu akasikia anacheka, kile kicheko chake cha chini chini kinachoanzia tumboni, na Nati akauma mdomo asicheke naye.

*

Jumamosi ukumbi ulifurika. Waliokuja kwa mdahalo wa Alhamisi na wale wenye vyeti vyao vipya vya huduma ya kwanza walikuwa wote mle ndani, wengine wamesimama kwenye madirisha. Mjomba alikuwa amefunga duka na kuja na wateja wake, wote wamenyolewa wakapendeza. Mama alikaa safu ya mbele. Pembeni yake alikaa dada mkubwa wa Bolti, muuguzi, aliyemlea tangu akiwa mdogo na ambaye alikuwa ametoka zamu moja kwa moja na sare zake. Wanawake wale wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Walisalimiana kwa adabu, kila mmoja akabana mkoba wake mapajani na kutazama mbele.

Mgeni, mhandisi mwanamke mwenye mvi fupi, hakupoteza muda kwa hotuba. Daraja liliwekwa kati ya meza mbili, ndoano ikaning'inizwa katikati, na vifuko vya mchanga vikaongezwa kimoja baada ya kingine mpaka litakapokatika. La Redio lilikatika mapema kwa sauti kubwa, naye akaliinamia kama msanii jukwaani. Mengine yakafuata. Yakabaki mawili.

Nati akaitwa kwanza. Alilibeba daraja lake kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Kijasho chembamba kilikuwa kikimtoka puani. Kifuko, kifuko tena. Alipofikia mzigo uliomwangusha siku ya majaribio alisikia mjomba akisema kwa sauti, "Halijasikia hata!" Likayapita madaraja yote ya siku ile. Likayapita ya mwaka jana, ambayo Mwalimu Vipimo aliyajua kwa moyo, na mwalimu yule asiyejua kushangilia akaonekana amesimama. Kifuko kingine. Daraja likapinda kidogo, likashika. Kingine. Mbao zikalia, zikashika tena. Nati hakuwa anapumua. Kilipowekwa kilichofuata, pakasikika mlio mmoja mkavu, na katikati ikaenda chini.

Ukumbi ukanguruma. Haikuwa kelele ya kumhurumia. Hakuna mwanafunzi wa chuo kile aliyewahi kubebesha vijiti mzigo ule, na kila mtu alilijua hilo.

Kisha Bolti. Daraja lake lilikuwa na makovu ya kubanduliwa na kuunganishwa upya, na kwa mbali lilionekana kama la kwanza. Nati, aliyesimama pembeni, aliona tofauti mara moja. Bolti alikuwa amekipindua kiungo cha chini, amekifanya kibebe kwa pande mbili. Nati akajisikia wivu wa kweli kweli, na ndani ya wivu ule furaha ikamchoma kama sindano. Kumbe alipoambiwa arudi kwa nguvu zake zote, alirudi nazo.

Vifuko vikapanda. Kikawekwa kile cha mwisho kilichobebwa na la Nati. Likashika.

Mgeni akashika kifuko kinachofuata. Bolti akainua macho, akamtafuta Nati kati ya watu wote wale. Hakusema kitu, lakini Nati alilisoma swali lote, na akajua kwamba jibu lake litakaa kati yao maisha yote. Akainua kidevu.

"Ongeza!" akapaza sauti. "Unangoja nini?"

Kifuko kikawekwa. Mbao zikalia. Daraja likapinda, likatetemeka, likatulia.

Watu walimtazama Nati, hawajui kama ni adabu kushangilia mbele yake. Naye akavuta kiti, akapanda juu yake na vile viatu vyake vyenye gundi, akapiga makofi mpaka viganja vikamwaka moto. "Bolti!" akaita. "Bolti!" Hapo paa likataka kung'oka.

Mama hakuwa akimtazama mshindi. Alikuwa amegeuka kwenye kiti, anamtazama bintiye pale juu, machozi yanamshuka na hayafuti. Dada yake Bolti akampa kitambaa.

"Pole, mama," akasema kwa upole.

"Pole ya nini?" Mama akajibu, akajipangusa, akanyoosha kidole kwa fahari ambayo hata watu wa dirishani waliiona. "Yule aliyesimama kwenye kiti unamwona? Yule ni wangu. Nimemzaa mimi. Wa pili chuo kizima, na bado ana nguvu za kupiga kelele!"

"Na yule wa kwanza ni wangu," muuguzi akasema, akaanza kulia yeye. Wakashikana mikono, mikoba ikaanguka.

*

Walikutana nje, nyuma ya ukumbi, jua likiwa limeanza kulegea na viti vikisikika vinakusanywa ndani. Bolti alisimama hatua chache mbele yake, hajui mikono aiweke wapi.

"Umelia," akasema.

"Nimelia kidogo. Usinifute, haya ni yangu." Nati akajifuta kwa mkono wa gauni. "Nimekasirika, nilikwambia nitakasirika. Kile kiungo cha chini kilikujia lini?"

"Alhamisi. Ulipogeuza meza. Nilikasirika sana nikapata akili."

Nati akacheka, kicheko kikachanganyika na kwikwi. Halafu akamngoja. Kulikuwa na maneno fulani aliyoyaogopa kuliko vile vifuko vilivyokuwa vikipanda. Kama Bolti angesema, chukua wewe nafasi hii, Nati, mimi nitabaki, basi kila kitu kilichojengwa wiki ile kingeanguka mbele ya miguu yao, na asingekuwa na nguvu ya kukiokota.

Bolti akamtazama machoni, moja kwa moja.

"Nakwenda, Nati," akasema. "Nimeitaka hii nafasi kama ulivyoitaka wewe. Nakwenda."

Nati akafumba macho. Ilimuuma, na aliiacha imuume, na chini ya maumivu yale alihisi fahari inapanda taratibu mpaka ikamfika mabegani na kuyanyoosha. Fahari ya huyu mwanamume. Na fahari yake yeye, aliyemfanya awe mgumu kiasi kile.

Akaimaliza nafasi iliyokuwa kati yao. Bolti akamkumbatia kwa nguvu, kidevu juu ya kichwa chake, na kwa muda hapakuwa na chuo wala ng'ambo, palikuwa na moyo wa kijana mmoja unaodunda kwenye sikio la msichana mmoja.

"Mwaka mzima," Bolti akanong'ona. "Utanisubiri?"

Nati akajibandua, akamtazama kutoka chini mpaka juu kama anayepima mbao.

"Mimi? Nikusubiri?" akasema. "Mashindano yapo tena mwakani, na hutakuwepo wa kunisumbua. Nenda ukaizoee hiyo karakana mapema, Bolti. Sisubiri mtu. Nakuja."